Moyo Wangu Nimeuona

Mama watoto,

Maharage yako jikoni, mafuta weka kijiko kimoja tu. ~~Nibakizie mayai mawili ya kukaanga.~~ Nimeghairi, nibakizie papai.

Asubuhi daktari kanionyesha moyo wangu kwenye mashine. Weee! Miaka hamsini na miwili unasukuma damu bila likizo, na mimi, fundi bomba mzima, nauzibia njia kwa kukomba mafuta ya kikaango kwa mkate! Vipimo vya damu vimesema kolesteroli iko juu. Mimi mwembamba, ninayekuita Bonge, ndiye mwenye mafuta kwenye damu, wakati kolesteroli yako ilipimwa ikawa safi. Cheka, ni haki yako.

Vidonge viko juu ya friji, kimoja kila jioni. Nitajifanya nimesahau. Usinionee huruma, haya mabomba hayana spea.

Baba watoto