Kochi Lililorudisha Amani

Kiseke, Jumapili

Mume wangu Deodatus,

Sisi wazima. Gladness ameng'oka jino na anacheka ovyo.

Makochi mapya uliyosema, sitaki. Jirani alipobadilisha yake, yale ya zamani yaliishia Mto Mirongo. Baada ya mvua niliona masponji yakielea kwenda ziwani, kwenye maji tunayokunywa! La kwetu nimempa fundi abadilishe kitambaa tu.

Alipolichana, ikadondoka pete yako ya ndoa.

Baba Gladness, mwaka mzima nimekununia, nikiamini umempa mwanamke huko Geita. Nisamehe. Nimecheka mpaka fundi akanishangaa.

Nimeivaa kidole gumba, maana kwenye vingine vyote inapwaya. Njoo uivue mwenyewe.

Mkeo anayekungoja kwenye kochi lilelile,
Kokulinda