Mama ameniuliza kuhusu Oulu

Baba Imani mpenzi,

Salamu kwako na watoto huko Oulu, Ufini, kwenye theluji. Hapa Sydney joto la Desemba limetutoa nje. Jana mimi na mama tulikula ugali na sombe ya majani ya muhogo uani kwake Toongabbie, miguu peku. Akaniuliza, "Huko Oulu jua linachomoza saa ngapi?"

"Siku hizi saa nne, mama."

Akaacha kula. "Hamieni hapa."

Nikamtajia nyumba yetu yenye joto, shule ya karibu, kazi yako nzuri. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Na wewe, una rafiki hata mmoja kule?"

Nikaanza kukusanya sahani. Tangu jana moyo haujatulia. Wavalishe watoto soksi mbili. Nakupenda, ndiyo maana naogopa kurudi na swali hili.

Mama Imani