Mgomba Uliotoka Kibati

Mdogo wangu Amani,

Huku Katoyi tulikohamia tuko wazima. Mama anakusalimia, na Babu bado anakohoa, ila anacheka.

Umeniuliza toka Kampala, ambako vita vilikupeleka, kama bado tuna ukoo, maana lava ilifunika shamba letu la Kibati. Unajua kwetu kila mtoto hupandiwa chipukizi kutoka mgomba wa baba yake. Volkano ilipolipuka, Babu alikimbia na chipukizi la mgomba wa Papa, baba yetu, begani.

"Muzee, beba godoro!" Mama alimpigia kelele.

"Godoro lina baba?" akajibu Babu.

Tulilipanda hapa uani, likawa mgomba, nao sasa umetoa chipukizi jipya. Chipukizi hilo ni lako. Babu amelichimbia shimo, lakini hataki kupanda bila wewe. Mvua ikinyesha, mimi huchota maji shimoni, shimo lisizibe kwa matope.

Dada yako,
Furaha