Magharibi ya Nairobi

Jumatatu, 9 Juni 1997

Mazoezi ya chemsha bongo tena baada ya masomo, hapa shuleni mtaa wa Lindi, Nairobi. Maswali ni yale yale. Umesimama Nairobi, ukienda moja kwa moja kaskazini, nchi ya kwanza ni gani? Ethiopia. Mashariki? Somalia. Kusini? Tanzania. Magharibi, Akinyi akasema Tanzania. Nikamwambia arudie. "Tanzania, mwalimu." Nikacheka. "Tanzania tena? Ama gari limekuharibikia huko?" Darasa zima likaangua kicheko.

Jibu ni Uganda. Mimi mtu wa Busia, mpakani. Kwetu Uganda unaiona ukianika nguo. Nani atanifunza iko wapi? Nimemtoa kwenye timu, nikaweka Nekesa. Shindano ni Jumamosi, Kawangware, na timu itakayoshinda italipiwa karo ya Form One. Siwezi kubahatisha.

Jumanne, 10 Juni

Sasa wanamwita Akinyi "Tanzania". Hata watoto wa darasa la nne. Nimesikia, sikukemea.

Saa kumi nimeazima atlasi ya hedimasta nichore ramani ubaoni. Nikaweka rula juu ya Nairobi, ikalala sawa kushoto. Ikakata Umasaini, ikaingia Tanzania. Nikaiweka tena. Tanzania. Uganda iko juu huko, kaskazini magharibi. Miaka yote hii nimefundisha hicho kitu.

Mtoto alipima. Mimi nilikuwa nafuata barabara ya basi la kwetu. Nimefunga atlasi. Sijaambia mtu.

Jumatano, 11 Juni

Nilipanga kusema asubuhi. Nimeingia, wakasimama wote, "Good morning, teacher." Nikaanza hesabu. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Akinyi amekuja. Anauza dagaa wa omena huko Soweto West, amefunga biashara mchana kwa sababu yangu. Kumbe Akinyi alifika nyumbani akasema mwalimu amekosea. Mama amemleta amemshika mkono. "Omba msamaha. Mtoto habishani na mwalimu wake." Akinyi akasema pole mwalimu, akiangalia viatu vyake. Nami, nikijua ninachojua, nikajibu, "Imepita."

Imepita! Mdomo huu wangu. Na mama akanishukuru.

Jumamosi, 14 Juni

Tumeshindwa kwa swali moja. Hilo hilo la magharibi.

Nilikuwa na siku nne za kumrekebisha Nekesa. Lakini ningemwambia, angeuliza mbona basi Akinyi alitolewa. Nikafyata mdomo. Nikajidanganya kwamba halitaulizwa.

Nekesa alisimama akajibu Uganda, bila wasiwasi, vile nilimfunza. Akanitazama akingoja nitabasamu. Mwamuzi akasema hapana. Mtoto wa Kawangware akasema Tanzania, makofi yakapigwa. Mimi pia nilipiga, sijui kwa nini.

Tumerudi kwa miguu. Nekesa amelia toka Riruta mpaka Lindi, akisema, "Nisamehe, mwalimu." Wa pili huyo wiki hii. Sina pa kuweka uso.

Jumapili, 15 Juni

Sijaenda kanisani. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimesema mbele ya darasa. Akinyi alikuwa sahihi. Mimi ndiye nilikosea, nikajua, nikanyamaza, na Form One imeenda kwa sababu yangu. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Nekesa alinikodolea macho tu. Akinyi aliinamia daftari lake kana kwamba sijasema kitu. Masomo yalipoisha akanifuata mlangoni. "Utaambia mama?"

Nimeenda. Mama Akinyi alinipangusia stuli, akadhani nimekuja kununua. Nikamweleza yote, hata kwamba siku ile ya Alhamisi nilikuwa nimeshajua. Alikuwa ameshika mkebe wa kupimia omena. Akauweka chini.

"Mwalimu, mimi nilimchapa."

Mteja akaja, akamhudumia. Nikarudi nyumbani.