Firigisi Haikuja Kwangu

Buyangu, Kakamega

Mama yangu,

Shikamoo. Nakubusu mkono kwa karatasi, maana kwa kinywa siwezi. Goti lako lasemaje msimu huu wa mvua? Na lile paa la upande wa kisima, Mjomba Omari amelitia makuti mapya au bado anaahidi? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Baridi ya msitu huu nimeizoea, na ugali wao, obusuma, naumega kama niliyezaliwa hapa. Kinachoniuma ni moyo, Mama.

Unakumbuka nilipomaliza chuo, redioni kila siku ni sayansi, sayansi. Nchi imejitawala, sasa ijipatie madaktari na mainjinia wake yenyewe, hata shule za vijijini zipewe maabara. Wewe ulitaka nibaki Mombasa. Nikakwambia taifa limeniita. Ukacheka, ukasema taifa halina mdomo, wanaoita ni watu.

Basi wazazi wa hapa waliitikia wito kuliko mimi. Walichoma matofali wenyewe, wakajenga chumba cha maabara kwa harambee, na Mzee Makokha, mwenyekiti wao, akatoa ng'ombe wake wa kulimia. Ahadi ilikuwa kwamba wao wajenge, serikali ilete vyombo. Na kweli, juma la ufunguzi lori lilileta makasha: hadubini, mizani, vioo vya kila namna. Nilivipanga rafuni huku naimba. Siku ya sherehe mgeni wa heshima alikata utepe, akahutubu, akaenda zake. Mzee Makokha akabaki, akachungulia kwenye hadubini tone la maji ya kijito wanachokunywa. Kisha akamwita mkewe naye aone.

Siku ile alinialika kwake. Yeye hunipa kuku akiwa hai nimchinje mwenyewe, kwa kuwa anaijua dini yangu. Sasa huku firigisi, imondo wanavyoiita, hailiwi ovyo. Ni ya baba mwenye nyumba, wengine huiona kwa macho tu. Mzee akaitoa kwenye sahani yake, akaiweka kwenye yangu.

"Mwalimu, imondo tunapeanga mwenye boma," akasema. "Leo wewe ni mwenye boma. Nafula wangu utamfanya daktari."

Nafula ni bintiye, namfundisha kidato cha tatu. Nilikula, Mama, nikaahidi.

Asubuhi yake lori lilelile likarudi. Karani aliyekuja nalo alinieleza bila haya kwamba mgeni ana maabara nyingine ya kufungua huko mbele, na vyombo ni hivyo hivyo. Nilimkimbilia mwalimu mkuu. Huyu ni mzaliwa wa hapa na rafiki yangu, tunakaa nyumba moja, chai yetu birika moja. Hakushtuka. Alijua tangu mwanzo, akaniacha niende kwa Mzee Makokha nimpe ahadi. Akaniambia vyombo vitarudi, nisaidie tu kuvifunga visije vikavunjika. Nami kwa kuvionea huruma nikavifunga kwa nyasi kavu kimoja kimoja, na makasha nikayapandisha kwa mikono yangu. Akina mama waliokuwa wakienda sokoni walisimama wakanitazama.

Havikurudi. Wazazi walipokuja kuuliza, mwalimu mkuu alisimama mlangoni pa ofisi, mimi nikiwa palepale, akawajibu, "Muulizeni mwalimu wa sayansi. Ufunguo uko kwake."

Nilieleza mpaka koo likakauka. Nani atamsadiki mtu wa kuja mbele ya mtoto wao? Wakubwa waliowachezea wazee hawa wamenikasirisha, lakini aliyeniumiza ni huyu mwenzangu. Kikulacho ki nguoni mwako, ulikuwa ukituambia, nami nikidhani ni maneno ya kutishia watoto.

Jumapili iliyopita Mzee Makokha alituita sote wawili. Alinipa kuku nimchinje kama kawaida, adabu hakuiacha. Chakula kilipokuja nikawa nautazama mkono wake. Firigisi aliiweka kwenye sahani ya mwalimu mkuu. Naye akaila, wala hakunitazama.

Baadaye Nafula alikuja kuninawisha mikono. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, sasa sayansi tutasomanga na nini?"

Najua Mjomba amenitafutia kazi bandarini. Mwambie ahsante sana, lakini siji. Nikiondoka sasa watasema mwizi amefuata mali yake pwani, na Nafula ataamini. Nafundisha kwa chupa za soda na sufuria yangu ya chai, na nusu ya darasa haiitikii salamu yangu.

Nisalimie Mjomba mwenyewe, Shangazi Zena na maandazi yake, na dada Mwanaidi, umwambie asimwache mtoto asahau jina langu.

Na ikitokea mtu wa huku akafika Mombasa akaiulizia nyumba yetu, usimkalishe barazani. Mwingize ndani, mfungulie kila chumba, hata kabati lako la nguo, aone mwenyewe nilicholeta.

Mwanao,
Swaleh