Homa Imebadilisha Chapa, Mama Abdi

Mama Abdi wangu, salaam aleikum huko ahera uliko.

Usicheke mwandiko. Shule mimi nilipita nje tu, nikipeleka mbuzi sokoni.

Niko chumba ya nyuma hapa mtaa ya Wabera, ile yenye dirisha kuku wanapitia. Nina homa. Na jana bibi ya Abdi amejifungua msichana, wamempa jina yako. Unakumbuka nilikuahidi: mtoto wa kwanza wa Abdi, adhana kwa sikio yake nitasoma mimi, si mwingine. Sasa analia ng'ambo ya ukuta na mimi nakohoa huku.

Unakumbuka ile mwaka ya homa ya nguruwe? Nilitangazia soko mzima kwamba mimi Muislamu, nguruwe sijawahi hata kumsalimia, atanipatia wapi. Haikuchukua muda, natetemeka mpaka kitanda inatembea. Ukanifunika blanketi, ukaniuliza, "Baba Abdi, kwani huyo nguruwe ulimla saa ngapi?"

Nilipopona nikajisifu tena: hii nimeimaliza, hairudi kwangu.

Nesi aliyekuja kunipima anasema hii ni kizazi ya ile ile. Nikabisha, mwili yangu inaijua. Akasema inajua ile ya zamani. Homa ikiingia kwa mtu inazaana mbio mbio, na ikizaana inakosea kuiga mzazi. Makosa mingi inakufa bure. Lakini watu wakishazoea ile ya kwanza, ile iliyokosea kidogo ndiyo inapenya.

Hapo nikakumbuka ngamia yetu ya Kinna. Niliapa chapa yetu naijua hata nikilala. Mwizi akaongeza mstari moja tu kwa shingo, akampitisha mbele ya pua yangu, na nikamsifu ngamia mzuri. Wewe ndio ulimjua, kwa kutembea yake. Nesi akacheka, akasema homa haina akili ya mwizi, inabahatisha tu. Na mtoto mchanga, mwili yake haijui chapa hata moja.

Asubuhi Abdi amesimama nje, anauliza, "Baba, tukungoje upone?"

Nikaweka mkono kwa mlango nitoke. Halafu nikamwambia, "Usingoje. Soma wewe, lakini karibu na dirisha, nisikie."

Akasoma. Sauti kama ya punda, lakini mtoto akanyamaza.

Watu wanafikiri nimefungiwa. Mlango hii haina hata komeo, wewe mwenyewe ndio uliing'oa. Mkono yangu moja iko kwa mlango tangu asubuhi, haijasukuma.

Wacha nilale. Wakikuuliza huko, sema adhana nilisoma mimi.

Mume wako,
Baba Abdi