Kibonge na Kanga Yangu

3 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyumbani, na goti lako limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia hata mfukoni.

Uliuliza kuhusu watu ninaokaa nao. Baba wa nyumba ni dereva wa treni, mara nyingi yuko safarini. Mama ni daktari wa meno, mpole sana, ila ukicheka mbele yake unajikuta umefunika mdomo. Wamenipa chumba, nami nikitoka chuoni mchana nakaa na watoto wao wawili mpaka yeye arudi jioni. Wa kike ana miaka mitano. Nimempa jina la Meneja, maana hata soksi za kuvaa ananichagulia. Mdogo wake wa miaka miwili ni Kibonge, na huyo alinigomea. Tangu nifike alikuwa akijificha nyuma ya pazia la sebuleni, vidole vya miguu vikichungulia, na chakula nikimpa hataki.

Juzi alilia mpaka akapaliwa. Nikaishiwa maarifa, nikachukua kanga yangu nikambeba mgongoni. Meneja akaniambia mtoto si mkoba. Sijamaliza hata kuosha vikombe, Kibonge kalala fofofo, mate yananitiririka shingoni. Mama, nilifurahi mpaka nikaogopa kusogea.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Hapa sote wazima. Goti limepoa, mdomo wa jirani yetu ndio haujapoa. Barua yako niliisoma nikiwa kwenye cherehani, nikacheka hadi nikapitisha mshono kwenye mkono wa gauni la mteja. Ikabidi nifumue.

Nimefurahi kwamba mtoto amekuzoea. Lakini barua nzima hukuniambia mama yake anasemaje. Anapokukuta umembeba mwanawe, uso wake unakuwaje? Uangalie, halafu uniandikie.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hamjambo wote? Nisamehe kwa kimya. Mwili hauna shida, ila moyo hautulii.

Uliuliza uso wake unakuwaje. Sikuwa nimeuangalia. Kibonge sasa hapati usingizi bila mgongo wangu. Mama yake akirudi anamnyooshea mikono, naye anageuka na kuishika kanga kwa ngumi zote mbili. Mwanzoni tulicheka sote. Wiki iliyopita alimtoa mgongoni kwa nguvu, mtoto akampiga usoni huku akinililia mimi, "Mama! Mama!" Yule mama akaingia jikoni, akafungua bomba, na hakuwa na kitu cha kuosha.

Jana akaniambia, taratibu kabisa, kwamba muhula ukiisha labda nitafute mahali pengine. Heri angenigombeza. Mama, sitaki kuondoka. Nawapenda hawa watoto, na yeye nampenda pia. Nikijaribu kutombeba Kibonge, analia mchana kutwa. Nifanyeje?

Mwanao

14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Kula kwanza, ndipo usome.

Ulipokuwa mdogo nilishona kiwandani, na mama yako mdogo ndiye aliyekulea mchana. Nikirudi ulikuwa unaninunia na kujificha kwenye gauni lake. Niliumia mno, hata nikapanga kumrudisha kwao mdogo wangu wa damu. Basi yeye akaanza kutoka kila nilipofika tu. Anakuacha mikononi mwangu, anasema anakwenda kusukwa. Kichwa kile kile, kila jioni! Wewe ulimtafuta uvunguni na nyuma ya mlango, ukalia ukachoka, na aliyebaki wa kumlilia nilikuwa mimi.

Mfundishe huyo daktari kufunga mbeleko, mchana, taratibu, mpaka asiogope. Jioni akifika, toka. Utaumia, lakini toka.

Mama yako

9 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima kama ilivyoniacha mimi.

Nilimfundisha Jumapili. Mara ya kwanza alimfunga chini mno, Kibonge akaning'inia kiunoni. Meneja akasimamia kazi na kutukosoa wote wawili. Kuanzia Jumatatu, mama yake akiingia tu, mimi navaa koti na kuaga kwamba naenda maktaba kusoma. Nilikuwa nakaa kituo cha basi mkabala na nyumba. Siku za kwanza nilimsikia Kibonge akiniita, nikavuta kofia mpaka masikioni, nikalia kama mjinga mbele ya abiria. Kisha kelele zikapungua.

Jana niliporudi, mama yake ndiye aliyenifungulia mlango. Bado alikuwa na viatu vyake vya kazini. Kibonge alikuwa mgongoni mwake, shavu limebanwa, amelala. Nilifurahi, na sitakuficha, niliona wivu pia.

"Maktaba hufungwa mapema," akaninong'oneza. "Dirisha letu linaangalia kituo cha basi. Kesho usitoke. Na habari ya kuhama tusiiongee tena."

Nilitaka kuvua koti, vifungo vikanishinda kwa kulia. Meneja akaja, akapanda kiti, akanifungulia kimoja kimoja.

Mwanao